Mchaichai

Ngazi kumi na saba juu ya duka la miwani,
nyuma ya soko la Jubilee,
nampandisha mama kwa kumshika kiwiko.
Jicho la kushoto limezibwa kwa shashi,
la kulia linahesabu kila ngazi kwa hasira.
"Chakula kilichokwea hivi," asema,
"kitashuka na mshahara wako."

Menyu ni ubao, imeandikwa kwa chaki ya kijani.
Namsomea kwa sauti kama katekista:
ngege kwa tui na pilipili mbichi,
tambi za mchele, njugu za kusaga, ukwaju,
osuga ya kukaanga kwa mchuzi wa samaki.
"Samaki gani?"
Mhudumu, binti wa rasta nyekundu, analeta kichupa.
Mama anakifungua, ananusa,
anatafakari.
"Hii ni omena iliyonyeshewa anikoni,
ikasahaulika,
halafu mtu mwerevu akaitafutia chupa."
Binti anacheka mpaka anashika meza.

Vijiti vinaletwa vimevikwa karatasi.
Mama anachagua kimoja,
anakipenyeza polepole chini ya shashi,
pale panapomwasha tangu walipomtoa kwa daktari,
na jicho lililobaki linajifumba kwa raha.
"Watailandi wana akili."

Supu inatangulia.
Ndani yake, kama ukuni uliozama,
kipande cha mchaichai.
Anakiokota kwa vidole, anakivunja,
harufu inatoka na kuketi nasi,
haikualikwa, haikubisha.

Bafu letu la mabati kule Seme.
Maji ya kuoga yakimwagikia shina lilelile,
majani yakitukata miundi
tulipokimbia sabuni, uchi, tukipiga mayowe.
Na baba, miezi ile mitatu ya mwisho
maziwa yalipomkataa,
akinywa chai ya rangi yenye jani hilo,
asubuhi, mchana, usiku wa manane,
kikombe cha bati kikigonga meno yake.
Juma moja baada ya mazishi
mama alichukua jembe, akaung'oa wote.
Sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
niliulizia tu mpira wangu uliopotelea mle.

"Ulinukia," asema sasa, akiitazama supu,
"kama mtu ambaye bado anaumwa.
Ningelalaje?"

Mpishi anatoka jikoni akijipangusa,
Shivachi, mtu wa Shinyalu, mabega ya mcheza raga.
"Mama, kuna ubaya?"
"Nani alikufundisha hii?"
"Mwanamke mmoja, Somjai. Doha, jikoni mwa hoteli.
Lugha hatukuwa nayo.
Alinionjesha kwa kijiko,
nikikunja uso, anaongeza ndimu."
"Mumewe aliipenda?"
Shivachi anawaza, kitambaa begani.
"Sijui, mama. Hatukufika huko."

"Basi leta ugali."
Ubaoni haupo. Lakini wake mwenyewe uko nyuma,
umefunikwa kwa sahani, bado unatoa mvuke;
anaukata katikati mbele yetu
bila kuuliza nani atalipa.
Ngege anafika amelala katika kijani kibichi,
na mama, aliyesema hana njaa,
anaanza na kichwa.
Anafyonza, anatema mfupa, anahema kwa pilipili,
chozi linamtoka jicho zima
na daktari alisema asilie.
"Ni pilipili," asema.
"Ni pilipili," nasema.

Shilingi elfu mbili mia tatu na arobaini.
Namficha risiti.
Binti wa rasta anatupa bure, kwenye gazeti,
shina moja bichi, lenye mizizi na udongo kidogo.
Mama ndiye aliyeliomba, nilipokwenda kunawa.

Tunashuka. Jani refu linatokeza mkobani,
linaparuza ukuta.
Anahesabu tena, kwa sauti, hadi chini:
kumi na sita.
Anasimama, anageuka, anazitazama ngazi kwa jicho moja.
Mvua ya saa tisa imeanza kugonga mabati ya soko.
Simsahihishi.